Kufuata Foto ya Madelena mpaka Kabalo

Ba mama wenzangu ba pa Katuba, mulinichosha na maulizo. Pa pompi ya maji munaniuliza, kisha misa munaniuliza, hata pa kununua chumvi muntu ananishika mukono: "Mama Yuliana, ile safari ilikuwa namna gani?" Niseme mara ngapi? Basi nimeketi na kalamu. Masère, ba dada ba misioni, balinifundisha kuandika miaka mbili, kisha baba yangu akasema inatosha, shamba inaningoja. Mwenye ataona makosa mu maandiko yangu anyamaze nayo.

Mambo ya tiketi na makaratasi ya kutoka mu Elisabethville siandike. Bote munajua namna ya ku biro. Naanza pale hasira ilianza.

Mu lupango yetu

Gaspar, mutoto yangu ya kwanza, mwenye anaandikaka hesabu ya bintu mu magazini, duka ya muzungu moja, alinunua aparei ya foto, kasanduku keusi kenye jicho moja. Tangu siku ile hatukupumzika. Alipiga kuku. Alipiga kinga ya jirani, ile ya magurudumu mbili. Alipiga bibi yake, mama ya batoto yake, akichambua majani ya sombe, alipiga maji ya mvua mu barabara, maji tu, bila muntu. Fotografe ya kazi anakusimamisha mbele ya rido, ile pazia kubwa, unavaa nguo ya misa, unakaza uso, inaisha. Gaspar hapana. "Mama, ile ni foto ya maiti," anasema. "Shiye tunapiga maisha."

"Shiye" ni yeye na rafiki zake tatu benye ugonjwa ule ule: Fabien, infirmier ya hospitali ya Jadotville, Placide, karani ya Bukama, na Bonifasi, mwalimu ya Kabalo. Beko na kaye moja, daftari kubwa. Ile kaye inatembea. Bantu ba treni banaibeba mpaka Bukama, bantu ba bato ya muto banaipeleka Kabalo, kisha inarudia. Kila moja anabandika foto yake, na chini ya foto ya wenzake anaandika mashauri. "Jua ikae ku mugongo yako." "Usikate muntu miguu." "Anga imekuwa mingi." Kaye ikirudi kwako, unatosha foto yako ya zamani, unatia ya mpya. Njo sheria yao. Banaume bazima, na ndevu!

Siku moja nilikuwa napepeta bunga mu lupango, mu kiwanja ya nyumba. Madelena, mutoto yangu ya mwisho, alikuwa pembeni, anaanika nguo. Akaanza kuigiza padri namna anapandaka kinga na kanzu yake, mukono moja ku usukani, mukono moja ku kofia. Nilimuangalia, nikacheka mpaka bunga ikamwangika. Gaspar akafinya aparei. Njo foto ile. Alitengeneza moja tu. Zile filme akaziweka chini ya kitanda, mvua ikaingia, zikashikana. Na foto ile moja akaibandika mu kaye, akaituma. Hakuniuliza.

Kaye ilipokuwa mbali, Madelena alikufwa mu kuzala. Mutoto akabakia, mwanamuke, Monika.

Kilio ilipokwisha nikamwambia Gaspar: "Lete foto ya dada yako. Huyu mutoto atajua uso ya mama yake namna gani?"

Akaangalia biatu yake.

"Mama, iko mu kaye."

"Na kaye?"

"Iko mu njia."

"Njia gani?"

"Mama… njia ya kaye."

Aliandika barua moja, akaandika mbili. Jibu hakuna. Akasema tungoje, itarudi, labda mbele ya mvua. Nikamwambia: "Ngoja weye. Miye naenda." Monika nilimuacha kwa bibi ya Gaspar, mwenye alikuwa ananyonyesha wake. Hakuna foto ingine ya Madelena mu dunia. Muelewe ile kwanza, njo mutaelewa matusi yenye inafuata.

Elisabethville mpaka Jadotville

Vagon yetu iko karibu na mashini yenye kuvuta treni, kwa hiyo moshi yote ni yetu. Bazungu beko nyuma, kwenye upepo safi. Kabla hatujafika mbali, kaa ya moto ikapita mu dirisha, ikanitoboa kitambaa ya kichwa, ile ya bluu yenye mulinisifia. Nilianza safari na tundu.

Mbele yangu kulikuwa mama moja ya Kasai, Mama Ngalula, na kuku tatu ndani ya kitunga.

"Unafuata bwana?" akaniuliza.

"Nafuata foto."

"Foto ya bwana?"

"Bwana yangu alikufwa zamani. Foto ya mutoto."

Fundi moja ya kujenga nyumba akaingia mu maneno: "Lakini mama, juu ya foto unasafiri? Pa Jadotville kuko fotografe, si mbali na gare ya treni. Umupeleke mutoto, anamupiga upya."

"Mutoto iko mu kaburi."

Mama Ngalula akafungua kitunga ingine, akanipa muhogo na karanga, hakuuliza tena. Ile njo adabu. Kama ningekuta adabu ya vile kule mbele, singeandika hii.

Fabien anakaa mu nyumba ya matofali, pazia ku dirisha, bibi muzuri. Alinipokea na mikono mbili, akaniita Kambo, namna banaita bazee na heshima. "Mama ya Gaspar! Kambo, keti!" Akaleta chai, mukate, na sardine. Nikafikiri: huyu alikomaa muzuri. Nikamuuliza foto yangu yenye kupepeta bunga.

"Ah, ile! Naijua sana. Foto ya nguvu, Kambo. Mwangaza muzuri, mikono yako muzuri. Ni ule muntu ya pembeni tu njo anaiharibu."

Nikaweka mukate chini.

"Anaharibu?"

"Alitikisika, unaona. Mukono yake imekuwa kama moshi. Na jicho ya mwenye kuangalia inashindwa: nifuate huyu ao huyu? Nilimwandikia Gaspar chini: kata upande ya kuume, foto itapona."

"Itapona." Nikarudilia ile neno. "Weye unafanya kazi ya kuponyesha bantu, Fabien. Ule muntu ya pembeni unamujua?"

"Hapana, Kambo."

"Ni Madelena. Dada ya Gaspar. Tulimuzika."

Alisimama na birika mu mukono, chai ikamwangikia ku muguu, hakusikia hata moto. Akasema pardon, akasema hakujua. Kaye alishaituma Bukama zamani. Kisha, ba mama, mutanisadiki? Machozi haijakauka, akaniangalia pale karibu na dirisha, akainamisha kichwa ku upande, akasema polepole: "Kambo… ile uso yako ya hasira, na ile mwangaza… ukikaa tu vile…"

"Ukiinua kale kasanduku, Fabien, nitakavunja, na weye utakaponyesha na gundi."

Nyuma ya pazia nikasikia bibi yake anacheka ndani ya mukono.

Jadotville mpaka Bukama

Sasa nilikuwa na haraka. Bantu beko banaandikiana "kata", na foto iko inasogea kwenye makasi.

Treni haikujua haraka yangu. Pa Tenke tulisimama tangu asubui mpaka jua ikainama, juu treni ingine, ya bakubwa, ilipashwa kupita mbele. Hakuna mwenye alituambia. Shefu ya gare alipita mara kumi, anaangalia saa yake. Shiye, alituangalia kama mifuko ya makaa. Bamama ba pale balileta munkoyo, kinywaji ya mahindi, mu ndoo, nilikunywa kopo mbili, ilikuwa chungu muzuri, njo kintu ya pekee yenye nasifu pa Tenke.

Pa Bukama nilifanya kosa, na nitaisema, juu sipendi bantu benye banaficha yao. Kushuka tu, nikauliza muntu ya kwanza: "Placide, mwenye kupiga foto, anakaa wapi? Niko na maneno naye. Juu ya mutoto yangu mwanamuke."

Ile neno ilikimbia kuliko miguu yangu. Nilipofika kwa Placide, nyumba ilikuwa imejaa bantu, Placide hayuko, na bibi yake amesimama ku mulango na mwiko ya kusonga bukari.

"Mimba iko ya miezi ngapi?" akaniuliza.

"Mimba gani? Alikufwa mu kuzala."

Mwiko ikaanguka. "Yooo! Placide aliua mutoto ya bantu!" Jirani bote bakashika vichwa.

Ilichukua wakati kubatuliza, nilisema foto, foto, mpaka sauti ikapotea. Lakini Placide alishasikia ile habari ku kazi, alikuwa ameingia mu pirogi, mutumbwi, amekimbilia ku kambi ya bavuvi. Siku mbili banamutafuta. Siku ya pili, bato ya Kabalo ikapiga honi, ikaenda. Niliiona inaenda.

Siku ya tatu akarudi, ananuka samaki mpaka ndani ya masikio. Bibi yake hakumuuliza foto. Alimuuliza kintu moja: "Kama hukufanya kintu, ulikimbia nini?" Mpaka natoka Bukama, ile ulizo haikupata jibu, ni shauri yao.

Miye nikamuuliza yangu. "Kaye iko wapi?"

"Ilienda, Kambo. Na bato ya mwezi yenye ilipita."

"Na chini ya foto yangu uliandika nini?"

"Niliandika: Fabien iko na haki."

"Ile tu?"

"Na… 'kata bila huruma'. Lakini Kambo, ile ni namna ya kusema ya bantu ba foto!"

Nikamwambia asinisemeshe tena. Nilingoja bato ingine siku sita mu nyumba yake, nakula bukari na samaki ya kukausha ya bibi yake, mwenye alikuwa mwanamuke ya haki. Kila asubui Placide alinisalimia. Nilikuwa naitikia bibi yake.

Mu muto Lualaba

Bato iko na gurudumu kubwa nyuma, inapiga maji kama mwanamuke mwenye hasira anafua. Bazungu beko juu. Shiye tuko ku barji yenye banafunga pembeni, pamoja na mifuko ya bunga, mbuzi, na kuni. Pembeni ya maji ni matete tu, matete, matete. Kabla ya ziwa Kisale tukapanda juu ya muchanga, bato ikakwama siku nzima. Kapiteni alitukana bantu ba miti, benye kupima maji, bantu ba miti balitukana muchanga. Miye nilitukana Gaspar, juu yeye njo alinileta pale.

Muzee moja mwenye kutia kuni mu moto, Kalenga, akacheka. "Kambo, ule Gaspar alikufanya nini?" Nikamuelezea. Nilipofika ku kaye akanikatisha.

"Kaye ya ngozi nyeusi, na kamba? Lakini miye njo niliibeba! Niliiweka chini ya kichwa, isipate maji."

Nikamushika mukono. "Uliifungula?"

"Pardon, Kambo. Njia ni murefu. Niliangalia yote." Akafikiri. "Yako niliiona. Mama anapepeta bunga, na kijana mwanamuke pembeni. Bote mbili banacheka. Kijana ameinua mukono hivi." Na ule muzee, na makaa ku uso, akainua mukono ku kofia yenye hakuvaa, sawasawa na Madelena. "Mulifanana ku meno."

Ba mama, tangu Elisabethville, huyu njo alikuwa muntu ya kwanza mwenye aliangalia ile foto akaona bantu. Hajui kusoma, hakusoma mashauri ya muntu. Na nilipata nguvu: mpaka mikono yake, foto ilikuwa nzima.

Kabalo

Niliingia mu nyumba ya masomo asubui, batoto banaimba hesabu. Nikaketi ku benchi ya nyuma. Mwalimu Bonifasi, muntu mufupi na miwani, aliniangalia, akaendelea mpaka mwisho, kisha akatosha batoto. Alikuwa na heshima, nakubali. Nilimwambia jina yangu na ya Gaspar, basi.

Akafungua kabati, akatosha kaye, akaifungula na furaha. "Angalia, Kambo. Njo foto bora ya kaye yote."

Nikaangalia. Nilikuwa miye. Peke yangu, katikati, na lungo yangu ya kupepeta, bunga inaruka nyeupe. Pembeni walikata na makasi, musitari sawa, safi kabisa. Chini, mu maandiko ya Bonifasi: "Sasa ni foto."

Mu ile foto nimegeuza uso ku upande ya kuume, mudomo wazi, nacheka. Nacheka na mupaka ya karatasi.

"Mwalimu," nikasema, "hapa niko nacheka na nani?"

"Kambo?"

"Weye unafundisha batoto. Nifundishe. Niko naangalia wapi? Bibi muzima anacheka peke yake kama mwenye kichaa, na mweye banaume tatu, na masomo yote, hakuna mwenye aliuliza anacheka na nani?"

Akaangalia foto. Akavua miwani, akaipanguza, akaangalia tena. Nikaona namna uso yake inabadilika. Akasema polepole: "Foto ni kuchagua, Kambo. Huwezi kuweka yote."

"Ulichagua. Ule mwenye haukuchagua ni mutoto yangu, iko mu udongo, na mutoto yake hakumuona hata siku moja. Kipande iko wapi? Uliitupa?"

Akafungula kaye ku mwisho, ku karatasi ya nyuma kabisa. Juu aliandika MAKOSA, na maandiko makubwa ya ku ubao. Kuko alibandika takataka ya foto zao yote, juu ya kujifunza: kidole yenye ilifunika aparei, mbuzi bila kichwa, kichwa bila mwili, nyumba inalala. Na kati ya mbuzi na kidole, karatasi ya upana ya kidole mbili: Madelena. Anacheka. Mukono ku kofia ya padri, ile mukono imekuwa moshi, lakini uso, ba mama, uso iko yote, na meno yote.

Chini yake aliandika. Ninasomaka polepole, lakini nilisoma. "Muntu ya pembeni. Alitikisika."

Ndiyo. Alitikisika. Alikuwa muzima. Miye, mwenye bao balisifu juu ya kukaa sawa, nilikaa sawa juu niko muzee na magoti yanauma. Ile nilimwambia Bonifasi, na ingine mingi yenye siandike, juu sère anaweza kusoma.

Nilipomaliza, akasema: "Kambo, naweza kuzibandika pamoja, musitari usionekane."

"Mukono yako isiguse tena."

"Basi niipige foto. Zile mbili pamoja. Ikipotea moja, kutakuwa ingine. Aparei yangu haionake karibu, lakini kuko namna." Akaonyesha miwani yake. "Unaweka kioo hii mbele ya jicho yake. Ile niligundua miye. Niliiandika mu kaye, hakuna mwenye alijaribu."

Nilitaka kukataa. Lakini nilikumbuka filme yenye ilishikana chini ya kitanda, na kaye yenye iko mu njia, na mvua. Nikakubali, na masharti: nakaa pale, natosha miye mwenyewe vipande zote mbili mu kaye na maji ya moto, na naziweka miye mwenyewe ku meza, mu jua, moja karibu na ingine. Yeye alishika miwani mbele ya aparei, bila miwani haoni kintu, bibi yake akamushika bega asianguke juu ya meza. Alipiga mara ine. Usingizi yake iliisha ku kutengeneza zile foto mu sahani ya dawa, mu giza ya chini ya kitanda; ile si shida yangu. Siku zote nakula kwake, sikumusemesha. Ku foto mbili hatuonekane. Ku ingine mbili tunaonekana, Madelena na miye, na musitari kati yetu.

Mbele ya kutoka nilimuomba kalamu. Ku karatasi ya MAKOSA, pale kipande ilikuwa, pamebakia peupe. Nikaandika, na maandiko yangu ya masère, shauri yangu ya kwanza mu ile kaye: "Hapa palikuwa Madelena, mutoto ya Yuliana. Mbele ya kukata, uliza jina."

Bonifasi akasoma. Akafuta neno MAKOSA na wino. Hakuandika ingine juu yake.

Kurudi

Kupanda muto ni kurefu kuliko kushuka, sisemi zaidi. Foto zilikuwa mu misale yangu, kitabu ya misa, misale ndani ya kitambaa, kitambaa ku tumbo. Muzee Kalenga nilimuonyesha. Akapanguza mikono, akaangalia, akasema: "Walimukata," akarudi ku moto yake. Bukama, Placide alileta samaki ku gare. Niliipokea, na nikamwitikia salamu, moja. Jadotville, Fabien alisimama ku kibaraza na mukate tu mu mikono. Aparei aliiacha ku nyumba. Ile niliiona.

Ku mulango ya lupango, Gaspar akanikimbilia, kasanduku ku shingo, juu ya kupiga namna mama anarudi. Nikamuangalia tu. Akakatosha ku shingo, akakaweka chini, akanipokea mufuko.

Sasa munauliza kama nilimusamehe. Iko anakula kwangu, inatosha. Foto ya kwanza, ile ya kukatwa, niliitia mu kadre ya mbao, na vipande mbili karibu, bila gundi, musitari unaonekana. Iko chini ku ukuta, pale Monika anafika akijikokota. Anawekaka kidole juu ya ule mwenye mukono ya moshi, si juu yangu.

Kuyeni kwangu muone. Bukari iko. Lakini wa kwanza mwenye ataniambia ule wa pembeni alitikisika, atarudi kwake na njaa.